SOMO: Kuchonga kokwa la zeituni ya Kichina (soma YOTE kabla hujauliza)

Nimechoka kujibu inbox moja moja, kila wiki "mkuu naanzaje", so naandika mara moja. Niko Suzhou, China, mzee wa kijiji cha Zhoushan ndo alinifundisha, kule hii ni kazi ya watu kabisa.

1. Kokwa. SIO la zeituni za chupa. Ya Kichina ni mti mwingine, kokwa lake refu, limechongoka kote kuwili. Makubwa yanatoka Guangdong, kusini mwa China.

2. Sugua nyama yote itoke.

3. KUKAUSHA. Hapa ndo niliumia. Baridi ya kwanza nilikuwa na makokwa 12, nikaona yanachelewa nikayapanga juu ya hita, usiku nasikia tak, tak, nikajua panya. Asubuhi 9 yamepasuka, na moja nilishamchonga babu wa watu hadi ndevu, nilimweka pale na wenzake tu, ufa umepita katikati ya pua. Nje inakauka inasinyaa, ndani bado, lazima lipasuke. Kwa hiyo kivulini, ndani ya mfuko wa plastiki ulioachwa wazi kidogo, miezi kama inabidi. Jua hapana, hita hapana, AC isilipulizie. Hata likishachongwa, usiku lirudi mfukoni.

4. Chora kwa penseli.

5. Anza na tupa ya kusugulia, halafu vipatasi. Pua ya sura unayochonga ikae kwenye mgongo uliotuna. Usizame sana, ndani kuna vyumba vitatu vya mbegu, ukitoboa umetoboa.

6. Msasa laini, mswaki, tone la mafuta. MOJA.

MASWALI

juma_fundi: Mkuu naweza kutumia za zeituni za supermarket?
— Namba 1.

juma_fundi: Sasa si ungejibu tu
— Nimejibu kabla hujauliza.

kaka_msasa: Oven moto mdogo je? Nina haraka
— Endelea, utaniambia tak ngapi.

binti_pwani: Shikamoo mwalimu. Hivi mwisho wa udogo ni wapi? Nasikia wanaandika hadi kwenye punje ya mchele
— Marahaba dada. Mchele kweli wanaandika, wengine wanafuata mkono tu maana jicho halifikishi, wanabana pumzi kila mkwaruzo. Ila mimi naipenda mashua ya Chen Zuzhang, fundi wa Guangdong aliyekuwa karakana za mfalme wa China, aliichonga 1737, iko makumbusho ya Taipei. Kokwa moja, urefu sm 3.4, watu 8 ndani, madirisha yanafunguka, na chini ya mashua shairi la Su Shi, mshairi wa kale wa China, zaidi ya herufi 300. Nikiiangalia natamani kuficha babu zangu.

binti_pwani: 😂 Vipatasi unanunua wapi?
— Nilianza na spoku ya baiskeli, gonga ncha iwe bapa, noa kwenye jiwe, mpini kipande cha mwanzi. Haikai na makali muda mrefu ila inakufundisha kunoa.

mzee_wa_tupa: Sindano ya cherehani ni ngumu zaidi, tena ile nene ya kushonea jeans
— Hii sikuwahi kujaribu, asante mzee. Unaishikaje kwenye mpini?

mzee_wa_tupa: Gundi ya chuma na uzi. Usiipashe moto tu, inakuwa laini