Kabla ya Kuwapeleka Watoto Tarangire Kutoka Dodoma

Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ikamilike, Tarangire imekuwa safari inayowezekana kwa familia na shule za huku kwetu. Hata hivyo, kupitia Kondoa na Babati mpaka Kwa Kuchinja, unapoiacha barabara kuu kulifuata lango, ni zaidi ya kilomita 300. Ukiwa na watoto, lala Babati. Wanaokwenda na kurudi siku moja huingia jua likiwa la utosi, wanyama wamejibanza vivulini, watoto nao wanasinzia vitini. Asubuhi na mapema ndiyo saa ya hifadhi.

Chagua msimu kabla hujachagua gari. Tarangire ni hifadhi ya taifa tangu 1970, yenye kilomita za mraba 2,850, lakini kiangazi kikikaza, kuanzia Julai hadi Oktoba, uhai wake mwingi huufuata mto mmoja, Mto Tarangire. Tembo hushuka kwa makundi, na pale mto ulipokauka huchimba mchanga hadi wapate maji. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia wengi hutoka kuelekea nyanda za Simanjiro. Kwa hiyo likizo ya Juni inafaa kuliko ya Desemba, na mapumziko mafupi ya Septemba ni bora kuliko yote mawili.

Malipo yamalizwe mapema kwa kontroli namba. Usitegemee kuhesabu noti langoni. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha Mtanzania ni tofauti kabisa na cha mgeni. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Shule ipeleke barua kabla ya safari, ikitaja idadi ya wanafunzi na walimu, na iombe askari wa hifadhi wa kuzungumza nao.

Suala la mavazi nalisisitiza kwa walimu hasa. Tarangire ina mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa fikiria sketi na kaptula za bluu za shule ya msingi! Waache sare nyumbani siku hiyo, wavae kaki, kijivu au kijani iliyofifia, mikono mirefu na suruali. Mafuta ya kufukuza mbu hayamzuii sana mdudu huyu, kitambaa kizito ndicho kinachosaidia. Mbung'o anaweza kueneza ugonjwa wa malale, hivyo mtoto akipata homa siku au wiki kadhaa baada ya safari, mzazi amweleze daktari kwamba alikuwa hifadhini.

Chakula kiwe kisichohitaji kupashwa moto: chapati, mayai, viazi vitamu, karanga. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia makontena na vikapu. Mtakula mahali palipotengwa, kama Matete juu ya mto, na hapo tumbili watawafuata. Msiwape hata punje. Tumbili aliyezoea kulishwa huanza kunyang'anya, na anayeumia ni mtoto atakayekuja baada yenu. Maji bebeni mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji.

Maandalizi ninayoyathamini kuliko yote hayagharimu kitu: kuwaambia watoto watakachokitazama. Mtoto wa Dodoma anaujua ubuyu tangu akiwa mdogo. Mwambie atafute mbuyu uliochubuliwa gome, kisha ajiulize nani kaula na kwa nini. Atagundua mwenyewe kwamba tembo hutafuna shina lile wakati wa ukame kwa sababu limehifadhi maji. Mwonyeshe kwamba kundi la majike na ndama huongozwa na jike mzee, anayekumbuka maji yalipo. Mpe daftari na penseli. Kama mnaweza kupata darubini moja, izungushwe kwa zamu. Mimi ningependa watoto wakae nusu saa kimya mbele ya familia moja ya tembo kuliko kukimbizana siku nzima na habari za simba.

Ukimya wenyewe ufanyiwe mazoezi kabla. Wakubaliane kwamba hakuna kupiga kelele, kutoa mwili dirishani wala kushuka garini nje ya maeneo yaliyoruhusiwa. Dereva asizidi kilomita 50 kwa saa, na tembo akitanua masikio na kumkabili, arudi nyuma taratibu bila kupiga honi.

Jazeni mafuta Babati na kagueni tairi la akiba. Wakati wa kurudi, kama muda unaruhusu, piteni Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Anzieni ofisi ya mambo ya kale mpate mwongozaji, na waambieni watoto mapema kwamba michoro haiguswi wala haimwagiwi maji.