SOMO: Peptaidi za ubongo na nyuroni za saa ya mwili, namna ya kusoma matokeo bila kuchanganyikiwa

Wakuu, hili swali nimelijibu inbox mpaka basi. Kila muhula vijana wa hapa Moshi wananitumia grafu ya hamsta (mnyama mdogo wa maabara, jamii ya panya) wananiuliza "hii peptaidi (kipande kifupi cha protini ambacho nyuroni zinapelekeana kama ujumbe) inawahisha saa au inachelewesha?" Naliweka hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia link.

Hatua 1. Jua unaangalia wapi. Ni SCN, yani saa kuu ya mwili yenyewe, vifungu viwili vidogo vya nyuroni chini ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Kwa panya ni kama nyuroni 20,000 jumla.

Hatua 2. Uliza peptaidi imetoka wapi (VIP, GRP, vasopresini, NPY na PACAP zote ni majina ya peptaidi). VIP na GRP zinatengenezwa humo humo kwenye SCN, upande unaopokea habari za mwanga. Vasopresini pia ya humo, ila upande wa ganda, yani wa nje. NPY inatoka talamasi (sehemu nyingine ya ubongo), PACAP inatoka jichoni pamoja na kemikali ya glutameti.

Hatua 3. Tafuta kipokezi, yani protini ya seli inayopokea ujumbe. VIP inashika kipokezi VPAC2, saiklik AMP (kemikali ya ujumbe ndani ya seli) inapanda, mwisho jeni za saa ziitwazo Per zinawaka. NPY inafungua milango ya potasiamu, nyuroni inatulia.

Hatua 4. MUDA. Hapa ndipo wengi wanaanguka kwahiyo soma taratibu. Peptaidi ile ile, dozi ile ile, inatoa majibu tofauti kutegemea umeitia saa ngapi. GRP ukiidunga kwenye SCN ya hamsta mwanzo wa usiku saa yake inarudi nyuma, mwisho wa usiku inasogea mbele, mchana karibu hakuna kitu, yani inafanya kama mwanga. NPY kinyume chake, mchana ndio inasogeza mbele, usiku inapunguza nguvu ya mwanga. Sisi tuna bahati hizo CT za kwenye grafu (saa ya ndani ya mnyama, CT0 ni alfajiri yake) zinahesabu kama saa zetu: CT6 ni saa 6 mchana, CT14 toa 12 unapata saa 2 usiku. ILA ANGALIA, hiyo ni saa ya mnyama sio ya ukutani. Kwenye giza tupu, mnyama wa usiku anapoanza kukimbia ndio CT12, basi. Akiwa na mzunguko wa saa 23 na nusu, baada ya siku 10 kashaachana na ukuta kwa saa 5, ukitumia ukuta utaandika mchana wakati kwake ni usiku na hitimisho lako lote limekufa.

Hatua 5. Usichanganye nyuroni kupiga umeme kwa kasi na saa kusogea. La kwanza unaliona ndani ya dakika, la pili unalipima siku zinazofuata.

Hatua 6. Seli moja sio kundi. Panya wasio na VIP (kazi ya 2005), nyuroni nyingi zinapoteza mzunguko, na zilizobaki nazo kila moja inakwenda na muda wake, yani VIP ndiyo inayoziweka pamoja.

MASWALI

Kijana_Majengo: Mwalimu kwa kifupi VIP inafanya nini?
– Hatua ya 3 na ya 6.

Kijana_Majengo: Nilitaka tu sentensi moja ya assignment
– Sentensi moja bila muda ni uongo. Soma ya 4.

MamaNeema: Shikamoo mwalimu. Hamsta anatembea usiku, je nyuroni za SCN nazo zinapiga zaidi usiku?
– Marahaba mama, swali zuri sana. Hapana, zinapiga zaidi mchana, kwa wanyama wa usiku na wa mchana sawasawa. Kwahiyo SCN inasema "sasa ni mchana", kulala au kuamka kunaamuliwa mbele ya hapo.

Guide_Sakina: Wageni wangu kutoka Marekani wanakuja hoi, hakuna peptaidi ya kuwasaidia?
– Ya kumpa mtu hapana kaka. Ila 2013 ilionekana panya wasio na vipokezi V1a na V1b vya vasopresini wanazoea ratiba mpya haraka mno. Wewe tumia hatua ya 4: mgeni wa New York akifika Arusha, saa 1 asubuhi yetu kwa mwili wake ni kama usiku wa manane nyumbani, jua la muda huo linamrudisha nyuma wakati anatakiwa kwenda mbele. Siku ya kwanza usimtoe alfajiri, avae miwani ya jua asubuhi, halafu kuanzia saa 8 mchana mtembeze nje.

Guide_Sakina: Na wa Ujerumani?
– Huyo tofauti ni saa 1 au 2 tu, mpeleke ratiba ya kawaida.