Jinsi ya kuifuata reli iliyopotea ya Jinja–Namasagali

Kwanza ujue unatafuta nini. Reli hii, yaani Reli ya Busoga huko Uganda, ilifunguliwa 1912, upana wake mita moja, kazi yake kubwa ilikuwa pamba: meli zinaishusha Namasagali kwenye Nile, treni inaileta Jinja, inapanda meli tena mpaka Kisumu, alafu Mombasa. Mvua za 1961 na 1962 zikajaza maziwa, bandari ya Namasagali ikafurika, na reli nayo ndo ikaishia hapo.

Hatua 1: tafuta ramani ya 1:50,000 kwa wapima ardhi Entebbe. Omba toleo la zamani, jipya halikusaidii.

Hatua 2: fungua picha za setilaiti. Treni haipindi ghafla wala haipandi mlima mkali, kwa hiyo tafuta mstari mrefu unaokunja taratibu na kukata mashamba ya miwa bila kujali barabara imeenda wapi. Ukiona kona kali, achana nayo.

Hatua 3: anzia Namasagali, sio Jinja. Mji wa Jinja umemeza vitu vingi, lakini kule Namasagali majengo ya reli yalibaki maana shule iliingia humo, Namasagali College.

Hatua 4, na hii usiiruke jamani: pita kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mgeni anayezunguka na simu anapima pima shamba la mtu, watu watasema amekuja kuchukua ardhi au anatafuta vyuma chakavu, na kusema ukweli siwalaumu. Ukishatambulishwa, kaa na wazee, ila usianze na reli. Anza na pamba, shikamoo mzee, pamba mlikuwa mnapeleka kupimwa wapi, ilipakiwa wapi, hapo ndo utasikia stesheni, matanki ya maji, nani alikuwa fundi, mpaka utachoka kuandika.

Hatua 5: shambani angalia tuta lililonyooka, kalavati, kokoto ambazo si za udongo wa pale. Angalia na mageti ya watu, mataruma ya chuma, yale yanayolala chini ya reli, yanafaa sana kwa nguzo. Kipande cha reli mara nyingi kina mwaka ubavuni, lakini huo ni mwaka wa kiwandani tu, reli zilikuwa zinahamishwa.

Hatua 6: weka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, kama reli iliyoachwa, ila chora pale ulipoona alama kwa macho yako, kwingine acha wazi.