Kuhesabu viasma kwenye mbelewele ya mahindi

Seli inayotengeneza chavua hukata DNA yake yenyewe kwa protini ya SPO11. Ncha zilizokatika hutafuta kipande kinachofanana nazo kwenye kromosomu mwenza, zikaungwa huko. Pale wenza wanapobaki wameshikana ndipo penye kiasma, na hadubini ya kawaida hupaonyesha. Mahindi yanafaa sana: yana jozi 10 tu za kromosomu, na mvua za Machi zikishika Nairobi, hukosi mahindi hata kando ya barabara. Ni kwa mmea huu Harriet Creighton na Barbara McClintock walithibitisha mwaka 1931 kwamba kromosomu hubadilishana vipande kwelikweli.

1. Usihesabu siku tangu kupanda. Binya shina chini kidogo ya majani ya juu. Pakibonyea kama pana pamba ndani, mbelewele imo. Pasua uitoe. Ikishachomoza umechelewa.

2. Itumbukize palepale shambani katika ethanoli kavu sehemu 3 na asidi asetiki kali sehemu 1, mchanganyiko wa siku hiyohiyo. Spiriti ya duka la dawa ina maji, haifai. Baada ya saa 24 hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70, uweke kwenye friji.

3. Kila kijiua kina vifuko 3 vya chavua vinavyokwenda karibu sambamba. Jaribu kimoja, kikiwa hatua sahihi (tazama namba 5), tumia viwili vilivyobaki. Anza na vya milimita 2 hivi.

4. Kikate ndani ya tone la asetokarmini, rangi ya kupaka kromosomu, ukikikamua kwa sindano ya chuma yenye kutu, maana chuma hukoleza rangi. Ondoa maganda yote: likibaki hata moja, kioo cha juu hakilali na seli hazitandazi. Funika, pitisha juu ya moto mara 3 au 4 bila kuchemsha, weka tishu, kandamiza wima kwa gumba. Kioo kikiteleza, seli huviringika, anza upya.

5. Tafuta seli ambazo jozi zote 10 zimefupika na kuachana. Jozi yenye umbo la pete ina angalau kiasma 1 kila mkono. Yenye umbo la fimbo ina mkono mmoja tu ulioshikana. Pete 7 na fimbo 3 ni viasma 17. Zidisha wastani wa seli zako kwa 50 upate sentimorgani, kipimo cha urefu wa ramani ya jeni: hapa 850. Ni 50 kwa sababu kiasma kimoja hugusa kromatidi (nyuzi pacha za kromosomu) 2 kati ya 4 za jozi. Viasma vilivyokaribiana huonekana kimoja, kwa hiyo jibu lako ni la chini kuliko ukweli.

Ukikuta kromosomu mbili zimeachana kabisa, usiitupe seli hiyo. Kwanza angalia kama jozi za jirani zimenyooshwa au kuchanika. Kama ziko sawa, si gumba lako lililozitenganisha. Andika 0 kwa jozi hiyo.