Falcon 4.0: namna ya kuongoza vita vyote, si ndege yako peke yake

Falcon 4.0 ilitoka Desemba 1998 chini ya kampuni ya MicroProse, na hadi leo sijaona mchezo wa kompyuta wa ndege za kivita wenye kampeni iliyo hai kama yake. Unarusha F-16 juu ya Rasi ya Korea, lakini huko chini majeshi yanasonga, madaraja yanabomolewa, vikosi vinaishiwa silaha, na mambo hayo hayakusubiri wewe uruke.

Kampeni yangu ya kwanza niliipoteza huku nikitungua MiG, ndege za kivita za adui, karibu kila safari. Mstari wa mbele ulizidi kushuka kusini mpaka Seoul ikaanguka, nami sikujua kosa langu ni nini. Kosa lilikuwa moja: sikuwahi kufungua ukurasa wa vipaumbele vya makao makuu. Mwongozo huu unahusu hasa ukurasa huo. Kuwasha injini, kutua na kutumia rada jifunze kwanza kwenye misheni za mafunzo.

Hatua ya 1: Chagua kampeni na kikosi

Kampeni ni tatu: Tiger Spirit, Rolling Fire na Iron Fortress. Anza na Tiger Spirit. Kabla ya kuthibitisha, utapewa nafasi ya kupanga uwiano wa nguvu za pande mbili. Uweke sawa kwa sawa, usijipendelee, la sivyo hutajua kama mipango yako inafanya kazi. Kisha chagua kikosi cha F-16. Kikosi kilicho karibu na mstari wa mbele kinakupa safari fupi, ila na adui naye anakufikia upesi. Mimi hupenda kukaa kusini kidogo, upande wa Kunsan, nipate muda wa kupanda juu kabla ya kukutana na mtu.

Hatua ya 2: Simamisha saa

Ramani ikifunguka tu, simamisha saa. Ukiiacha itembee, makao makuu yatapanga safari kwa vipaumbele vyao kabla hujaweka vyako.

Hatua ya 3: Weka vipaumbele

Hapa ndipo unaposhinda au kushindwa vita, kwa hiyo usiharakishe. Utakuta sehemu tatu: aina za shabaha, aina za misheni, na ramani iliyogawanywa katika maeneo. Usipogusa kitu, kompyuta inaamua yenyewe.

Siku ya kwanza pandisha juu kabisa mitambo ya makombora ya kutungulia ndege, rada na viwanja vya ndege. Viwanda na vituo vya umeme vishushe: kuvipiga kuna faida, lakini faida hiyo inachelewa, na vifaru vinavyoelekea Seoul havichelewi. Usipandishe kila kitu. Ukivipa vyote alama ya juu, ndege zako zitatawanyika nchi nzima na hakuna shabaha itakayopigwa ikamalizika. Kwenye ramani nayo chagua maeneo mawili au matatu kaskazini mwa Seoul, mengine yaache chini.

Ukiona ndege za adui zimepungua angani, badilisha: pandisha madaraja, vikosi vya nchi kavu na maghala. Daraja ni shabaha ninayoipenda kuliko zote. Likivunjwa nyuma ya kikosi kilicho mbele, akiba yake inakwama ng'ambo ya mto, na wanajeshi wako wanapigana na adui asiyeongezewa nguvu. Lakini adui hukarabati. Rudi ukaangalie.

Hatua ya 4: Chagua safari yenye uzito

Sasa achia saa, ratiba ijae. Usichague safari kwa kutamani MiG. Soma kundi zima: nani anabeba mabomu, nani anasindikiza, nani anafanya SEAD, yaani kuzima makombora ya ardhini. Jiulize ni nani akishindwa wote wataangamia. Mara nyingi jibu ni SEAD, na hiyo ndiyo nafasi yangu.

Kila kituo cha njia kina saa yake kwenye maelezo ya misheni. Iheshimu. Ukichelewa, wenye mabomu wanaingia bila ulinzi, na hasara hiyo utaikuta kwenye hesabu ya vikosi.

Hatua ya 5: Silaha

Angalia akiba ya kikosi kabla ya kubadilisha mzigo, kwa sababu ghala lina mwisho. Kwa SEAD beba AGM-88, kombora linalofuata mawimbi ya rada. Dhidi ya SA-2, mtambo wa makombora ya kutungulia ndege, piga rada yake. Ikifa, makombora yaliyobaki hayana macho. Beba na AIM-120 mbili, makombora ya kupiga ndege, za kujilinda, na usiporusha hata moja, zirudishe ghalani.

Hatua ya 6: Angani

Kitufe cha Q kinakuunganisha na AWACS, ndege ya rada inayokuelekeza angani, na W na rubani wako wa pembeni. Mpe shabaha mapema, kabla hamjafika. Ukishafanya kazi yako, geuka nyumbani. Ndege iliyopotea haitakuwepo kwenye ratiba ya kesho.

Hatua ya 7: Baada ya kutua

Soma ripoti, hifadhi kampeni kwa jina jipya, kisha rudi kwenye ramani. Linganisha mstari wa mbele na ulivyokuwa kabla hujaruka, na urudie hatua ya 3 kila baada ya saa chache za mchezo.

Kama toleo la zamani linagoma kwenye kompyuta yako, kuna Falcon BMS, iliyoboreshwa na wapenzi wa mchezo wenyewe na inayotolewa bure, ila lazima uwe na nakala halali ya Falcon 4.0. Vyombo vya rubani vimebadilika sana humo, lakini ukurasa wa vipaumbele upo, na unautumia kwa namna hii hii.