Kuchaji gari kwa jua bila kumaliza betri ya nyumba

Kosa linalorudiwa sana ni kuliacha gari la umeme linyonye betri ya nyumba, ile inayohifadhi umeme wa paneli. Chaja ya ampea 32 kwenye volti 230 huvuta takriban kilowati 7.4, kwa hiyo betri ya kilowati-saa 10 haimalizi saa moja na nusu. Tena kila umeme unapoingia betrini na kutoka, sehemu yake hupotea kama joto.

Chaji mchana, moja kwa moja kutoka kwenye paneli, chaja ikiwa imewekwa kufuata umeme wa ziada, yaani ule wa paneli unaobaki baada ya matumizi ya nyumba. Chaja za kawaida hazishuki chini ya ampea 6, yaani kama kilowati 1.4. Ziada ikishuka chini ya hapo, chaja husimama au huchota kwenye betri au gridi. Siku ya mawingu chaja itawaka na kuzimika ovyo; iwekee dakika kadhaa za kusubiri.

Gari likichaji kwa nguvu zote usiku, shuku kihisi cha mkondo, kifaa kilichobanwa kwenye waya mkuu kinachoiambia chaja kama umeme unaingia kutoka gridi au unatoka. Kikifungwa kinyume, mfumo huona umeme unaoingia kama ziada inayotoka. Usikiguse mwenyewe, fundi azime swichi kuu kwanza, kisha aelekeze mshale wa kihisi kama mwongozo unavyoonyesha.