Usinunue pafyumu kwa mpulizo wa kwanza

Kama unasita kati ya Bleu de Chanel na Dior Sauvage usilipe hapo hapo, puliza moja mkono wa kulia nyingine wa kushoto, usisugue, nenda zako kwenye mishe halafu nusa tena baada ya masaa manne hivi, hiyo ndo harufu utakayoishi nayo. Ile ya dukani ni ndimu ndimu na bergamoti (tunda la jamii ya machungwa), zinapaa mapema sana. Jioni Bleu inabaki na ubani na sandali, karibu na liwa, Sauvage inabaki na ambroksani, kemikali ya maabara yenye harufu kama ya ambari. Ukiwa na mafua au umepaka losheni inayonukia jaribio hili halifanyi kazi. Na ambroksani pua inaizoea haraka, ukiona imepotea muulize kwanza aliye karibu, mara nyingi bado ipo.